Nyumba ya marehemu mzee huko Isevya, tukarabati kwanza au tuiuze hivyohivyo?

Mtoto wa Isevya

Wakuu habari za jioni. Naombeni mawazo yenu hasa mliopo Tabora au mliowahi kuuza nyumba mikoani. Mzee wetu alitangulia mbele ya haki mwaka juzi, ameacha nyumba Isevya, vyumba vinne na sebule, tofali za kuchoma, imejengwa miaka ya themanini. Bati ni zile nzito za zamani ila zimepauka na kutu huku na huku, madirisha ya mbao na nyavu, sakafu niru nyekundu ile ambayo tulikua tunaisugua kila Jumamosi mpaka magoti yanauma. Uani kuna jiko la nje, choo cha shimo, bafu, na mwembe mkubwa ambao hata mzee mwenyewe aliukuta.

Sisi watoto tuko watano, watatu tuko mbali na Tabora, kuna wapangaji wawili ndani. Kwenye kikao tumekubaliana tuuze tugawane yaishe maana kila mwaka ni ugomvi nani alipie ukarabati.

Sasa kaja mteja wa kwanza, kazunguka dakika kumi tu akasema 32. Milioni 32 yaani! Tukaona dharau. Bro mkubwa akapandwa na hasira akasema hii nyumba ikipigwa jipsamu, taili na madirisha ya aluminiamu inafika 55 bila jasho, ana fundi wake kashamwandikia kazi yote milioni 11, kwa hiyo tuchange milioni mbili na laki mbili kila mmoja. Mimi nafsi inasita, hiyo hela kwangu siyo ya mchezo na sina uhakika kama itarudi.

Alafu kuna mwembe. Bro anataka ukatwe, anasema unaficha nyumba na majani yanajaa kwenye bati. Mama mdogo kusikia hivyo kidogo alie.

Karatasi zilizopo ni ile ofa ya zamani (barua ya kupewa kiwanja) yenye namba ya kiwanja, hati mzee hakuwahi kufuatilia. Mnanishauri nini?

Dalali Mstaafu

Pole sana na msiba mdogo wangu. Mimi hii kazi nimeifanya Tabora mjini miaka mingi mpaka magoti yamekataa kupanda bodaboda, kwa hiyo nisikilize vizuri. Mteja akishuka tu hapo kwenu hataulizia jipsamu. Atauliza ina hati? Akishajibiwa hilo atauliza maji yanatoka? Hapo ndo anaanza kuangalia nyumba.

Hiyo ofa ni karatasi nzuri, usiidharau, wengi huko pembeni wana barua ya mauziano iliyogongwa muhuri wa mtaa tu. Lakini ofa yenye jina la marehemu ni kama gari zuri halina funguo. Mirathi mmefungua? Kama ilipita Mahakama ya Mwanzo mna ile fomu namba nne ya usimamizi? Maana bila msimamizi aliyeteuliwa na mahakama hata mkiwa watano mmesaini wote na mama mdogo juu, hamna mwenye mamlaka ya kuuza. Mkishakuwa nayo mnaenda ardhi, mnalipa pango la ardhi linalodaiwa (na hapo mjiandae, la miaka mingi linakua limelala), mnaanza mchakato wa hati na jina linakuja la msimamizi. Ndo mnauza.

Kwa nini nasema hivi, wateja wenye hela ya maana hapa mjini wengi ni watumishi, na mtumishi anakuja na hela ya mkopo, na benki ikitaka kushika nyumba kama dhamana inataka hati, haitaki historia ya ukoo. Ukikosa hati umebaki na mtu wa hela taslimu tu, na mtu wa hela taslimu anajua umebanwa, ndo huyo wa 32. Nimewahi kumpeleka mteja kwenye nyumba Cheyo, nzuri kuliko ya kwenu, taili mpaka ukutani, mteja kapenda kabisa na mke wake kapenda, kuuliza msimamizi nani wakaanza kuangaliana. Nyumba hiyo ilikaa miaka mitatu taili zikianza kubanduka.

Mama Karanga

Mimi naongea kama mnunuzi, tulinunua Ipuli 2021 baada ya kuangalia nyumba tisa, mguu ulinivimba. Niwaambie ukweli wanawake tunaangalia nini, na mume anaweza akaongea bei mpaka asubuhi ila mke akisema hapana hapo hamna biashara.

Mimi nilikua nakwenda chooni kwanza. Siyo kwa haja, nakwenda kunusa. Choo cha shimo kilichojaa, mlango wa bati umening'inia, inzi wanakupokea, hapo hata sebule iwe na jipsamu ya ikulu nimeshaondoka moyoni. Pili naangalia juu. Silingi bodi ikiwa na zile ramani za kahawia najua bati linavuja. Tatu nanusa tena, popo. Nyumba za zamani Tabora popo wanapenda sana darini, na ile harufu huwezi kuifukuza kwa udi, lazima upande juu utoe uchafu wao uzibe matundu.

Sasa nyumba moja ilikua na jipsamu mpya kabisa, rangi mbichi bado inanukia, alafu nje kuta zina nyufa. Nikamwambia mume wangu hawa wanaficha kitu juu huko. Tukaondoka. Labda walikua hawafichi lolote masikini, ila ndo nilivyowaza.

Fundi Ng'ambo

Mkuu nakusalimu. Mimi ni fundi, nilitakiwa nikwambie piga jipsamu nipate kula lakini wacha niseme kweli.

Nyumba ya miaka ya themanini Tabora adui wake ni mchwa. Kabla hujanunua hata kopo moja la rangi mtu apande darini na bisibisi, agonge kenchi na papi (mbao zinazobeba bati) moja moja. Ikilia kavu iko salama, bisibisi ikizama kama kwenye mkate hiyo imeliwa. Angalia na fremu za milango kwa chini pale zinapogusa sakafu, na ile mistari ya udongo inayopanda ukutani. Zilizoliwa unabadilisha, zilizobaki unapaka dawa ya mchwa (wengine wanapaka oili chafu, inasaidia kiasi ila nyumba inanuka gereji, kwa nyumba ya kuuza sishauri). Sasa fikiria umening'iniza jipsamu kwenye mbao zilizoliwa na bati linavuja, masika ya kwanza tu inalowa inashuka kama kitenge kibichi kwenye kamba, na mteja akija mwezi wa pili atakukuta unaipangusia ndoo.

Bati usiyaondoe. Hizo za zamani ni nene, siku hizi unauziwa geji 30, 32, na kumbuka namba ikipanda bati linakua jembamba. Badilisha yaliyotoboka tu, mengine piga brashi ya waya utoe kutu upake rangi ya bati, ukisimama barabarani utadhani limeezekwa jana. Misumari iliyolegea gongea upya.

Rangi ya kuta sasa. Nyumba nyingi za umri huo zilipakwa chokaa. Ukipaka rangi ya maji juu ya chokaa inayotoka unga mkononi, baada ya miezi miwili inabanduka kama ngozi ya nyoka. Lazima kukwangua, kuosha, kupaka praima ndo rangi. Jikoni kwenye masizi osha kwa sabuni na maji moto kwanza la sivyo moshi unarudi juu ya rangi nyeupe na unaonekana. Na ule mkanda wa chini nje ya nyumba, futi mbili hivi kutoka chini, piga rangi ya mafuta ya kahawia, mvua ikirusha udongo haionekani. Hela ndogo sana hiyo ila nyumba inakaa kama imevaa viatu.

Chumba na Sebule

Wazee mnamtisha kijana bure. Mimi niko kinyume na nyie, mwaka juzi niliuza Kiloleni, kabla sijagusa kitu ofa ya juu ilikua 40, nikaingia taili, jipsamu sebuleni tu siyo vyumba vyote, geti jipya, nikapiga picha kali saa kumi na moja jioni jua likiwa laini nikaweka Facebook, ikaondoka 52. Vijana wa sasa wanaotoka Dar na Mwanza kufanya kazi huku wanataka kuingia na begi tu. Niru nyekundu inawakumbusha kwa bibi.

Dalali Mstaafu

@Chumba na Sebule ulitumia shingapi na ilichukua muda gani mpaka kuuza? Na ulikua na hati?

Chumba na Sebule

Kama 9 hivi na kidogo, ikakaa miezi saba. Hati nilikua nayo ndio. Na nilikua peke yangu siyo watu watano wa kushauriana kila mfuko wa saruji hahaha.

Dalali Mstaafu

Basi umejijibu. Umeweka 9 na kidogo ukapandisha 12, imebaki mbili na ushee, umesubiri miezi saba na umesimamia mafundi mwenyewe. Sijasema umekosea, kwako ililipa. Ila hapa kuna hela ya kuchangishana, msimamizi mmoja, ndugu wanne wanaoulizia risiti kwenye grupu la wasapu. Milioni 11 itaanza kazi, katikati mmoja atasema mtoto kafukuzwa ada, nyumba itabaki nusu taili nusu niru, na nyumba iliyokarabatiwa nusu inauzwa bei mbaya kuliko ambayo haijaguswa kabisa, kwa sababu mteja anaona mliishiwa.

Na kingine vijana hamkijui, msimu. Hela ya Tabora ina tarehe zake. Masoko ya tumbaku yakifunguka na wakulima wakaanza kulipwa, watu wa Urambo, Kaliua, Sikonge wanakuja mjini kutafuta nyumba ya watoto wanaosoma au ya kupangisha. Ukiwa tayari wakati huo unauza kwa kiburi kidogo. Ukipeleka nyumba sokoni Januari kila mtu ana ada na mashamba yanataka mbolea, utasikia hizo 32 zenu.

Mhasibu Mstaafu

Naomba niongeze upande wa kodi maana naona watu wanapiga hesabu ya 55 kama yote inaingia mfukoni. Mkiuza nyumba kuna kodi ya ongezeko la mtaji TRA, kwa mkazi ni asilimia 10 ya faida, siyo ya bei yote. Faida maana yake bei ya kuuza toa gharama. Ukarabati wa kuongeza thamani ni gharama, LAKINI uwe na risiti. Fundi wa bro akiwaandikia milioni 11 kwenye karatasi ya daftari hiyo mmekula hasara mara mbili, hela imetoka na kwenye hesabu haipo. Chukueni risiti za mashine kwa kila bati, kila mfuko wa saruji, kila kopo la rangi.

Kwa nyumba kama ya mzee ambayo kumbukumbu za gharama hazipo, tangu mabadiliko ya 2023 kuna utaratibu wa asilimia 3 ya bei ya kuuza au thamani iliyoidhinishwa, inayozidi. Kuna msamaha pia kwa makazi binafsi ambayo mwenye nayo amekaa miaka 3 au zaidi na faida haizidi milioni 15, sasa hapa yenu ni ya mirathi na kuna wapangaji, msijiamulie wenyewe, nendeni ofisi ya TRA hapo mjini na karatasi zenu mkae na afisa kabla hamjataja bei kwa mtu. Mnunuzi naye ana ushuru wa stempu asilimia 1, mkubaliane mapema nani analipa nini maana nimeona biashara zimevunjika kwenye kitu kidogo hicho.

Kodi ya jengo siku hizi inakatwa kwenye LUKU, 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, kwa hiyo hiyo haina shida sana, ila angalieni mita iko kwa jina la nani na isiwe na deni limelala. Bili ya maji TUWASA ilipeni yote, na siku ya mteja FUNGUA BOMBA aone maji yanavyotoka. Watu wa Tabora bado wana kumbukumbu ya mgao enzi tunategemea bwawa la Igombe peke yake, japo maji ya Ziwa Victoria yameshafika, mtu bado anataka aone kwa macho.

Mtoto wa Isevya

Aisee asanteni sana, nimesoma yote nikamsomea na bro kwenye simu, kanyamaza kidogo alafu akasema "na huyo dalali mwambie namjua" hahaha sijui kama ni kweli.

Mirathi ilifunguliwa, bro ndo msimamizi na fomu namba nne ipo, nimeiona picha. Ardhi hatujakanyaga. Leo nimemtuma binamu yangu aliyeko hapo apande darini na bisibisi kama fundi alivyosema, karudi na picha: upande wa chumba cha mzee papi nne bisibisi imezama yote. Na popo wapo dada Mama Karanga, kasema wengi. Nadhani yule wa 32 alinusa.

Nimewaza hivi, tuchange laki sita sita tu, milioni tatu. Papi zibadilishwe, bati lizibwe na kupakwa, choo kichimbwe kipya na kile cha zamani kifukiwe, kuta zikwanguliwe na rangi, inayobaki iende ardhi. Niru nyekundu ibaki, itasuguliwa na kupigwa nta. Inatosha hiyo hela?

Na wapangaji je, niwatoe kabla ya kuonyesha nyumba? Mmoja kalipa mpaka mwezi wa nane.

Mama Karanga

Usimtoe aliyelipa, kwanza siyo ungwana pili atakuharibia. Ile nyumba yetu ya saba tuliyoangalia, mwenye nyumba alikua amegombana na mpangaji, tulivyopita uani dada wa watu akaninong'oneza kwamba kisima mwezi wa tisa kinakauka na jirani ana bendi. Akamaliza biashara ya watu kwa sentensi moja. Kaa nao vizuri, waambie mapema mnauza, mwambie aliyelipa kwamba muda wake utaheshimiwa na umwandikie mnunuzi hivyo hivyo kwenye mkataba. Waombe tu siku ya mteja masufuria yasiwe mlangoni na uani pafagiliwe. Mpelekee hata kilo ya nyama. Mpangaji anayesifia nyumba anashinda dalali (samahani baba).

Alafu huo mwembe msikate! Nimesahau kusema. Jua la Tabora la mwezi wa kumi unalijua, mteja akikaribishwa kiti chini ya mwembe hapo upepo unapita, anakaa, anakunywa maji, anaanza kuona watoto wake wanacheza. Ukiukata atasimama juani na kofia mkononi anataka aondoke.

Chumba na Sebule

Kwenye mwembe nakubaliana na mama. Punguzeni matawi yanayogusa bati tu. Nyumba inayoonekana vizuri kutoka barabarani na kivuli nyuma ndo picha inatoka kali. Ila sakafu nyekundu mtajuta, nimemaliza.

Dalali Mstaafu

Niru iliyosuguliwa vizuri haina shida, ina shida iliyopasuka. Zibeni nyufa. Isiwe kama tembe la Livingstone kule Kwihara, lile watu wanakwenda kuangalia uzee, kwenu wanakuja kutafuta pa kulala.

Bei msitaje 55. Mkimaliza hayo na mchakato wa hati umeshaanza na una karatasi ya kuonyesha, anzeni 48 msikilize watu wanasemaje wiki tatu nne. Na mtaje bei mmoja tu, msimamizi. Nimeona familia mteja anapigia simu ndugu wawili anapata bei mbili, ya tatu anaitunga mwenyewe.

Na mwambie bro wako kama ananijua aje anisalimie, nadhani nilimuuzia mzee wenu baiskeli.

Fundi Ng'ambo

Mkuu milioni tatu inabana. Choo kikichimbwa vizuri, kujengewa na kufunikwa zege kitakula karibu nusu peke yake, lakini usikiondoe kwenye bajeti, kile cha zamani kitakuua. Papi na bati naweza kufanya kwa siku tatu na msaidizi. Rangi nje yote, ndani sebule na korido, vyumba vya wapangaji waulize kwanza wakikubali tunahamisha vitu chumba kimoja kimoja. Kama hela haitoshi acha rangi ya vyumba, usiache praima. Matundu ya popo tunaziba usiku wakiwa wametoka, siyo mchana, ukiwafungia ndani wanafia humo na harufu ndo mwisho wa mauzo. Kama wana vichanga darini tunasubiri kwanza wapate kuruka.

Vifaa binamu yako anunue mwenyewe dukani achukue risiti kama mhasibu alivyosema, mimi nalipwa ufundi tu, hapo hakuna wa kunilalamikia kwenye grupu lenu.

Mtoto wa Isevya

Sawa fundi, bro kakubali, kasema ila rangi ya mbele achague yeye. Unaweza kwenda lini kuangalia?

Fundi Ng'ambo

Jumamosi saa mbili asubuhi. Mwambie binamu atafute ngazi ndefu, yangu iliazimwa kabla ya Pasaka mpaka leo haijarudi. Na bro asije akachagua kijani cha msikiti au njano ya bendera ya chama, mteja atadhani ni ofisi.